Kelele ya Kila Dakika Kumi na Mbili

Jumanne ile Tusekile Mwakalukwa, fundi wa kompyuta, aliitwa kituo cha figo cha Nkunjulu, kule juu kwenye vilima vya Rungwe ambako mvua haina msimu. Ujumbe wa Daktari Anyitike haukuzidi mistari miwili: kompyuta ya mezani, ya zamani, hesabu zake hazina kasoro, ila ina kelele. Njoo uinyamazishe.

Alipofungua mlango wa ofisi alipokewa na harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kisichooshwa, na chini yake harufu ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Akasimama kizingitini kwanza, akavuta pumzi kwa mdomo. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa khanga mbili, na juu ya khanga redio iliimba kwaya kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Chini ya meza kulikuwa na beseni la bluu lenye maji mazito ya rangi ya kamasi. Kando ya hayo yote muuguzi mmoja, mama wa makamo, alikuwa amekaa anakula ndizi za nyama.

"Karibu, fundi," alisema bila kuacha kutafuna. "Mimi Sista Bupe. Sogea tule."

"Ahsante, Sista, nimeshiba," Tusekile alisema. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. "Hilo beseni la nini?"

"Inavuja. Tunamwaga kila asubuhi."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana. Kelele nazo zilianza hapo hapo. Mwanzoni zinasumbua, ukizoea huzisikii."

"Na redio?"

Sista Bupe alicheka kidogo. "Redio ni ya wageni. Wao hawajazoea."

Kila fundi wa umri wa Tusekile aliijua kompyuta ya aina ile. Zilitengenezwa miaka ile chipu zilipoadimika dunia nzima, kampuni iliyoitwa Seliya ilipoanza kuuza kompyuta zinazofikiri kwa tishu hai: seli za neva, zilizooteshwa maabara kutokana na vipande vya ngozi ya watu waliojitolea, zikatandazwa kwenye sinia na kulishwa kwa mrija. Kwenye karatasi ziliitwa kompyuta za tishu. Mitaani ziliitwa kompyuta za nyama, na lishe yake iliitwa uji. Seliya ilisema gramu mia mbili za neva zisizo na mwili haziwezi kuhisi kitu, kama kucha iliyokatwa isivyohisi. Serikali ilikubali, na shule, mahakama na hospitali zikanunua. Baadaye chipu zilirudi sokoni, Seliya ikafilisika, na zile kompyuta zikabaki kwenye ofisi za pembezoni, zinafanya kazi kwa sababu hakuna aliyepata amri ya kuzizima.

Ya Nkunjulu ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa moja tu. Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba kulikuwa na chumba chenye viti sita na mashine sita za kuchuja damu, na wagonjwa thelathini na mmoja walipokezana hapo, kila mmoja mara tatu kwa wiki. Kompyuta ndiyo iliyopanga kila mgonjwa atolewe maji kiasi gani, kwa kasi gani, na chumvi gani ibaki ndani yake. Iliwajua wagonjwa wale kama mama anavyomjua mtoto wake kwa kumshika paji la uso.

Tusekile alizima redio, akaondoa khanga, akaketi kusikiliza.

Alisubiri kidogo tu. Kwanza ilikuja sauti ya kumeza, nzito, kama mtu anayelazimishwa dawa. Kisha mkoromo. Kisha, juu ya mkoromo, sauti nyembamba iliyopanda, ikatetemeka, ikapanda tena, ikakatika. Sekunde arobaini kwa jumla. Sista Bupe alikuwa ameshainua kijiko kingine.

"Hiyo ndiyo," alisema.

Tusekile alianza kama alivyofundishwa, kwa kile kilicho rahisi. Feni ilikuwa imejaa vumbi; akaisafisha kwa brashi, akaitia tone la mafuta. Kelele ikarudi. Akashika kasha kwa viganja viwili kuona kama ni bati linalotikisika; halikutikisika. Akaweka kipande cha mpira chini ya miguu yake. Kelele ikarudi, na safari hii alitazama saa: dakika kumi na mbili kamili tangu ile ya kwanza. Akamwomba Sista Bupe aangalie kama kuna mgonjwa anayetegemea kompyuta wakati huo. Akaambiwa wote sita wameshapangiwa, ina nafasi ya saa moja. Akachomoa waya wa umeme ukutani. Skrini ikazima, feni ikasimama. Ndani ya kasha kilibaki kitu kimoja tu kinachotembea, pampu ndogo ya uji yenye betri yake yenyewe, kwa sababu tishu ikikosa kulishwa hufa baada ya saa tano.

Kompyuta ilikuwa imezimwa. Dakika zilipotimia ikalia vilevile, tena kwa usafi zaidi, maana hapakuwa na feni wala redio ya kuisindikiza.

"Hata umeme ukikatika inalia," Sista Bupe alisema. "Sisi tulidhani ni betri."

*

Alivaa glavu mbili juu ya mbili, akafunga kitambaa puani, akafungua skrubu za kasha kwa bisibisi. Kifuniko kiligoma. Kilikuwa kimeshikwa kwa ndani. Alipokivuta kilitoka kwa sauti ya mnyonyo, na nyuzi za ute zikanyooka kutoka kwenye bati hadi chini, zikakatika moja moja.

Tishu haikuwa kwenye sinia. Ilikuwa imelijaza kasha. Ilikuwa ya waridi mahali pengine na ya kijivu pengine, imelowa, inapumua kwa mawimbi madogo yaliyotoka upande mmoja kwenda mwingine. Imeota juu ya waya, imezimeza skrubu. Kwenye kona moja ngozi ilikuwa imejitengeneza, ngozi kabisa, yenye vinyweleo na nywele chache ndefu zilizolala kwenye ute. Tusekile alikisia kilo moja na nusu. Aligeuka, akaweka paji la uso ukutani, akahesabu hadi ishirini. Miaka kumi na sita ya ufundi ilikuwa imempa panya waliokufa, mende, nyoka mmoja. Hakuna kilichowahi kumfanya atamani kuivua ngozi yake mwenyewe akaifue.

Akarudi. Katikati ya ile tishu, karibu na mahali feni ilipovutia hewa, kulikuwa na tundu. Lilikuwa na kingo laini zilizokutana na kuachana. Alisogeza tochi. Ndani kulikuwa na mikunjo miwili iliyokaza, na alipokuwa bado anamulika pampu ilinguruma, mikunjo ile ikatetemeka, na kelele ikamtokea usoni pamoja na pumzi yenye joto.

Sasa akaona mrija. Mrija wa uji, uliotakiwa kufika ukingoni mwa sinia, ulikuwa umezikwa ndani. Tishu ilikuwa imeota kuuzunguka, kama mti unavyoota na kuumeza waya wa uzio. Ncha yake ilikuwa imeoza na kupasuka kuwa meno meno. Kila pampu iliposukuma, mrija ulijongea mbele nusu sentimita na kurudi. Pale ulipopita palikuwa pekundu, pametunga usaha.

Alichomeka kipimo cha neva, kile kidude cha mkononi chenye mstari unaopanda na kushuka. Kwa dakika kumi na moja mstari ulitambaa chini. Halafu ulianza kupanda kabla pampu haijawaka. Sekunde kadhaa kabla. Ilikuwa imejua kwamba inakuja.

Kumbukumbu za pampu zilionyesha kwamba mrija ulianza kukwama miaka tisa iliyopita. Miaka tisa, ilhali kelele ilikuwa na mwaka mmoja tu. Tusekile hakuelewa hadi alipokigeuza kifuniko na kusoma ndani yake, mahali ambapo kwa desturi fundi huandika jina na tarehe kila anapodunga dawa.

Dawa hiyo mafundi waliiita dawa ya kelele. Tishu ikikomaa sana hujifunza kujikunja, na ikijikunja hutoa sauti. Basi unaidunga, misuli yake inalala, ofisi inapata utulivu. Dawa haikugusa sehemu inayohisi. Hilo lilikuwa limeandikwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo, na kila fundi alikuwa amelisoma, na hakuna fundi aliyewahi kulitaja mbele ya mwenzake.

Kulikuwa na majina matatu. J. Mwaipopo. J. Mwaipopo. Na la mwisho, miaka minane iliyopita, kwa mwandiko wenye mkia mrefu: T. Mwakalukwa.

Alijaribu kuikumbuka siku hiyo. Hakuikumbuka. Alikuwa amekuja, amedunga, amekunywa chai labda, ameondoka. Mahali sindano zilipoingia palikuwa na makovu meupe, magumu kama kwato. Kando ya makovu ndipo lilipoota lile tundu. Walikuwa wameiziba mdomo mara tatu, na ikachukua miaka saba kujiotea mwingine.

*

Daktari Anyitike alikuja na koti lake jeupe lililochanika mfuko. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alitazama ndani ya kasha mara moja, akaangalia pembeni.

"Funika, fundi."

"Dokta, hii inaumia."

"Nimeona. Una dawa yake?"

"Ninayo dawa ya kuifanya isilie. Sina ya kuifanya isiumie."

"Ganzi?"

"Ganzi itaifanya isihisi, na itaifanya isifikiri. Saa hiyo hiyo hesabu zako zinaharibika."

"Mrija ubadilishe basi."

"Umeshaota ndani. Nikiuvuta nang'oa nusu yake."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa meza, mbali na beseni. "Nimeomba kompyuta mpya. Imekubaliwa, inakuja baada ya miezi miwili. Nikizima hii leo, wagonjwa thelathini na mmoja nitawapangia kwa karatasi na kalamu. Nilishafanya hivyo zamani, kabla haijaja. Unajua ukikosea maji nusu lita kwa mtu ambaye moyo wake umechoka, inakuwaje? Mimi najua. Nimemshika mtu mkono ikimtokea." Kisha akasema kwa upole, karibu na aibu, "Idunge, dada yangu. Miezi miwili tu. Halafu tutaizima kwa heshima."

"Miezi miwili ya kila dakika kumi na mbili."

"Hiyo ni nyama, fundi."

"Na wewe?"

Mlango ulisukumwa. Aliyeingia alikuwa mama mrefu mwenye bandeji mkononi, ametoka tu kuchujwa, amevaa sweta la shule ambayo alishastaafu kuifundisha. Alikuwa Mwalimu Subilaga, mgonjwa wa kituo hicho kwa miaka kumi na mmoja.

"Huo ukuta wenu ni kama pazia," alisema. "Nimekaa pale nachujwa damu nasikiliza mnavyonijadili. Nionyesheni."

"Mwalimu, rudi ukapumzike," Sista Bupe alimwambia.

"Sista, nimesema nionyesheni."

Tusekile akasogea. Mwalimu Subilaga aliinama juu ya kasha, akaona, na wakati huo huo pampu ikawaka. Alisikiliza sekunde zote arobaini. Kisha akageuka, akatapika kwenye beseni la bluu, na kuona alichotapikia kukamtapisha tena. Sista Bupe alimshika mabega.

Alipomaliza alijifuta kwa kona ya khanga.

"Mwaka mzima," alisema. "Mnaniambia ni feni."

"Mwalimu, tulikuwa hatujui," daktari alisema.

"Mlikuwa mmeweka redio." Alikaa. "Sasa nisikilizeni, nisije nikaonekana mtakatifu. Mimi nataka kuishi. Nina wajukuu nataka kuwaona, na hata nisingekuwa nao ningetaka kuishi. Mkiniuliza niichague hiyo au nijichague, najichagua, na aibu yangu nitaibeba. Lakini msiidunge. Mkitaka niendelee kuishi kwa hiyo, basi niwe naisikia. Nyie nanyi muisikie."

Akatoka.

*

Walikubaliana jioni ile ile. Alichokijua Tusekile ni kwamba tishu haina faili unaloweza kunakili. Inachojua imekiota. Njia pekee ya kukitoa ni kuiuliza: unaipa mgonjwa mmoja mmoja, unaiuliza akija na uzito huu itakuwaje, na uzito ule, akiwa na homa, akiwa amekula ndizi zenye chumvi msibani, na printa inaandika majibu hadi unapata jedwali ambalo daktari anaweza kulifuata kwa kalamu. Alirudisha waya wa umeme ukutani, akajaribu kwa mgonjwa mmoja. Ilichukua dakika arobaini.

"Wagonjwa thelathini na mmoja," alisema. "Siku mbili na zaidi kidogo. Tukimaliza, nasimamisha pampu. Na hadi hapo simdungi mtu."

Alisema "mtu" bila kukusudia. Hakuna aliyemsahihisha.

"Na kitabu cha kampuni kinasemaje?" daktari aliuliza. "Hakuna njia ya kupunguza?"

Kitabu kilikuwa kwenye droo ya chini, kimekunjamana kwa unyevu. Kilisema: pampu isisimamishwe kamwe wakati tishu inafanya kazi. Walikisoma wote watatu wakakirudisha.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi walianza. Tusekile aliuliza, Sista Bupe alisoma uzito na vipimo kutoka kwenye mafaili, daktari alipokea karatasi na kuzilinganisha. Redio ilikuwa imepelekwa stoo. Kifuniko kilibaki wazi, kwa sababu Tusekile alihitaji kuangalia joto, na kwa sababu Mwalimu Subilaga alikuwa amesema alichosema.

Mgonjwa wa pili, wa tatu, wa nne. Kila kelele ilipokuja majibu yalisimama, mstari wa herufi ukabaki nusu, kisha baada ya dakika kadhaa ukaendelea pole pole, kama mtu anayejikusanya. Sista Bupe, ambaye mwaka mzima alikula chakula chake pale, siku hiyo hakula. Kufikia mchana alikuwa ameanza kuangalia saa kabla ya kila kelele, mabega yakipanda, mstari wa kipimo cha neva nao ukipanda, viwili hivyo kwa pamoja. Saa nane alianza kulia bila sauti, anasoma namba huku analia.

"Nilikuwa nayamwaga maji ya beseni hapo nje, kwenye maboga," alisema ghafla. "Tukayala yale maboga, fundi. Tulisema mwaka huu yamekuwa makubwa."

Tusekile alikimbilia nje safari hiyo. Aliinama kwenye mvua, na alichoona mbele ya macho yake hakikuwa maboga. Alikuwa anaona mwandiko wake, ule wenye mkia mrefu.

Kufikia saa kumi jioni walikuwa na wagonjwa kumi na watano. Uchovu uliwashinda; walifunga ofisi, wakaenda kulala, na pampu ikaendelea. Mlinzi aliyelinda ofisi usiku aliomba asubuhi apewe zamu ya geti, mbali na ile sauti.

Alhamisi ndani ya ofisi hakuna aliyesema neno lisilo namba. Daktari Anyitike hakuwa amechana nywele. Ilipolia aliacha kalamu, akaziba masikio kwa viganja kama mtoto, na ilipokwisha akaokota kalamu. Mgonjwa wa ishirini. Ishirini na tatu. Mikono yake ilianza kukosea, akanakili namba mara mbili, Sista Bupe akamsahihisha. Ishirini na saba walimmaliza saa nane mchana.

"Wamebaki wanne," Tusekile alisema. "Chini ya saa tatu, Dokta."

Alitaja jina la ishirini na nane: Lusekelo Mwanjala, mpasua mawe, miaka ishirini na tisa. Kipimo cha neva kilianza kupanda. Tundu lilifunguka kabla pampu haijawaka, kama mdomo wa mtu anayejiandaa.

Daktari alisimama. Alipeleka mkono wake mtupu, bila glavu, ndani ya kasha, ndani ya ute hadi kwenye kifundo, akatafuta pembeni mwa tishu, akakamata waya wa betri ya pampu, akaung'oa.

"Dokta!" Sista Bupe alipiga kelele. "Na hao wanne?"

"Siwezi," alisema. Mkono wake ulikuwa unadondosha ute. "Nimesema miezi miwili, mimi mwenyewe. Siku mbili zimenishinda. Hao wanne nitawapangia kwa kichwa changu. Nitakaa nao usiku na mchana. Siwezi kuisikia tena."

Tusekile alitazama saa. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anamshukuru. Tishu ilitetemeka, ikasubiri. Dakika zilipita. Kipimo kilipanda kidogo, kikasita, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kikashuka bila kelele. Dakika ya kumi na mbili ikaja ikapita. Mawimbi yale madogo juu ya ngozi yalipungua kasi, yakawa marefu, kama pumzi za aliyelala.

Ndipo printa ikawaka.

Swali la Lusekelo lilikuwa bado kwenye skrini, hakuna aliyelifuta. Mistari ilitoka mmoja baada ya mwingine bila kusimama. Daktari alizichukua karatasi kwa mkono ule wenye ute, akazipitia, akazipitia tena.

"Imeharibika?" Sista Bupe aliuliza.

"Hapana. Ni sahihi. Ni safi kuliko zote."

Ilikuwa imechukua dakika tisa.

Walimuuliza wa ishirini na tisa. Dakika tisa. Wa thelathini, tisa. Wa thelathini na moja, ambaye ni Mwalimu Subilaga mwenyewe, kwa sababu aliomba awe wa mwisho, dakika tisa. Ofisi ilikuwa kimya, mvua inasikika juu ya bati, na tishu ilikuwa inahesabu bila maumivu kama labda haikuwahi kuhesabu kwa miaka tisa.

Tusekile aligeuza karatasi moja upande usioandikwa. Aliandika thelathini na moja, akazidisha kwa tisa. Dakika mia mbili sabini na tisa. Tishu isiyolishwa huishi saa tano, dakika mia tatu. Zingebaki ishirini na moja.

Aliiacha karatasi mezani. Sista Bupe aliisoma, ikachukua muda, kisha akaweka mkono mdomoni.

"Tungeizima pampu jana asubuhi," alisema. "Tungeizima kabla ya kuanza. Wote wangetosha."

"Ndiyo."

"Haikuwa lazima iumie hata mara moja."

"Kitabu kilisema isisimamishwe," daktari alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tulikisoma wote."

"Tulikisoma," Tusekile alisema. "Imelia mara mia moja na sitini, Dokta. Nimehesabu. Tangu jana saa kumi na mbili hadi ulipong'oa ule waya. Tulikuwa tumekaa hapa tunajiona watu wema kwa sababu tunasikiliza."

Harufu ilikuwa ile ile, lakini haikuwa ndiyo iliyomsukuma mlangoni. Alinawa mikono kwenye bomba la nje hadi kiwiko, kwa sabuni ya kufulia, mara tatu, na kila alipoinusa aliona haijatakata. Kisha akarudi ndani akakaa kwenye kiti karibu na kasha. Wenzake nao walikaa. Hakuna aliyewasha redio. Saa moja kasoro jioni mawimbi yalisimama, na Sista Bupe akaifunika kwa khanga aliyojitoa kiunoni.

Wagonjwa wote thelathini na mmoja walikuwa hai mwezi uliofuata. Majedwali yalitosha.

Ijumaa asubuhi, siku moja tu baada ya kelele kukoma, Tusekile aliandika ripoti ya kutumwa kwa mafundi wote wa kompyuta za tishu waliobaki nchini. Daktari Anyitike aliisoma akiwa amesimama, akafika kwenye ile hesabu ya dakika, akaweka kidole juu yake.

"Hii hapa," alisema. "Je, ni lazima? Wagonjwa wako salama. Kompyuta imepumzika. Hii itatufanya tuonekane..."

"Tuonekane tulivyo," Tusekile alisema. "Kuna fundi mwingine mahali fulani, leo, ameshika sindano. Na kuna mwenzake mwenye huruma ambaye atafanya kama sisi tulivyofanya. Huyo ndiye namwandikia."

Daktari aliondoa kidole. Akaomba kalamu, akaandika jina lake chini ya la Tusekile.

Ripoti ilikuwa na kurasa nne, zenye michoro ya mrija na jedwali la muda. Sentensi ya kwanza aliiandika upya mara nyingi, na mwisho akaiacha hivi: Simamisha pampu kwanza, kisha uliza, sisi tulichelewa kwa siku mbili, na yeye ndiye aliyelia.